Kwa nyinyi munaoanza kuongoza watu wa Mombasa kwenye theluji ya Mlima Kenya

Wadogo zangu munaochukua magrupu kutoka hapa Mombasa kwenda Point Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa kutembea, nataka hili mulijue kabla ya mengine yote. Theluji ikiwa nyingi anaeumia zaidi si yule wa mbele anaefungua njia, ni yule anaesimama kungoja. Wa mbele mwili umechemka, wa nyuma amesimama kwa upepo, jasho lake linapoa mgongoni, na mtu wetu wa Pwani hajawahi kuhisi baridi ya namna hiyo kwa hivo hajui kama inamdhuru, ananyamaza tu. Ukiona mtu aliekuwa akiongea sana amekuwa kimya, au anashindwa kufunga zipu yake mwenyewe, huyo ashaingiliwa na baridi, mvishe nguo kavu, mpe kitu cha moto na kitamu, na mulitoe lile grupu kwenye upepo.

Sasa mwendo. Mbele usiweke kijana mrefu mwenye nguvu zake, weka mtu wa hatua fupi, sababu wenzake watakanyaga mashimo yake na dada mfupi hawezi kuruka kutoka shimo hadi shimo kwa theluji ya magoti. Wa mbele abadilishwe kila dakika kumi au kumi na tano, akichoka anakaa kando, wenzake wanapita, yeye anaingia nyuma, na hivo grupu halisimami kabisa. Wewe mwenyewe usijipachike mbele, tembea karibu na wale wazito, na mwisho kabisa awe mtu mmoja aliechaguliwa ambae hakuna anaebaki nyuma yake hata wa kwenda haja.

Kambi ya Shipton iko mita 4,200, Lenana ni 4,985, wengi hutoka saa nane au saa tisa usiku. Mutaambiwa ni kwa ajili ya kuwahi jua kuchomoza, na kweli ni jambo zuri, lakini kwa kiongozi sababu kubwa ni theluji yenyewe, usiku inaganda inabeba uzito wa mtu, jua la ikweta likishaipiga inalainika na kila hatua mguu unazama, halafu mawingu hupanda kabla ya adhuhuri hata jiwe la mbele hulioni. Kwa hivo saa ya kugeuka ipangwe jioni pale kambini watu wakiwa na akili zao, tuseme saa mbili asubuhi, popote mulipo munageuka. Kule juu mutaanza kuambiana tuko karibu, na hapo karibu kwa theluji mpya panaweza kula saa nzima.

Sisi tunatoka usawa wa bahari, hili musilidharau. Ukifika karibu mita 5,000 hewa unayovuta ina kama nusu tu ya oksijeni ya hapa Likoni. Kutoka kambi ya chini ya Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton ni mita 900 kwa siku moja, ni nyingi mno kwa mtu aliepanda treni juzi, ongezeni usiku mmoja njiani hata kama watu watanung'unikia gharama. Kichwa kikiuma kidogo mtu apumzike asipande zaidi, lakini akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema huku amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, usiku ni usiku, na hashuki peke yake. Ndo maana nasisitiza waongozaji wawili au zaidi, mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasibaki yatima.

Nguo soko la Kongowea zipo tele, tafuteni sweta za sufu na jaketi zisizopitisha maji, jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Dada anaevaa buibui avae suruali ndani na apandishe pindo, likiburura kwenye theluji linalowa hadi magotini. Miwani ya jua kila mtu, theluji inarudisha mwanga na macho huchomeka hata kukiwa na mawingu. Maji beba chupa ikiwa imepinduliwa, barafu huanzia juu. Simu iwe ndani ya nguo, baridi inamaliza betri. Tende na kashata mfukoni, sio ndani ya begi ambalo hakuna atakaelifungua. Mazoezi fanyeni kwenye mchanga mlaini wa Nyali, mguu unavutwa chini vilevile.

Kuhusu swala ya alfajiri, iwekeni kwenye mpango tangu huku nyumbani, muulizeni sheikh wenu habari ya tayamamu kwa baridi ile, halafu tafuteni mahali mwamba unakinga upepo na kila mtu avae jaketi lake zito kabla ya kusimama, sio baada.

Kushuka ndo watu huvunjika vifundo, theluji imefunika nafasi za baina ya mawe na wote washalegea. Hesabu watu kila munaposimama, na mukifika kambini usikae wewe kwanza, pita hema kwa hema uangalie kila mtu amevua soksi zilizolowa na amekunywa chai, na yule aliekuwa akiumwa na kichwa mchana umuulize tena kabla hajalala.