Majani Yamekauka, au Yamenyauka Tu?

Maswali ya safari hii yanafanana kama vifaranga. Mtu kavuna majani mazuri ya chai au ya dawa, kayaanika, kayafungia, na siku ya kuyatumia akakuta ama hayanuki ama yameota ukungu. Shambani hakukosea. Nimeyajibu kwa zamu, na moja nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Naanika mnanaa juani, siku moja tu umekauka. Mbona haunukii?

Kwa sababu harufu ya mnanaa haikai ndani ya jani. Iko juu, kwenye vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyotapakaa kwenye ngozi yake, ndiyo maana ukiupapasa tu vidole vinanukia. Rehani na rozimari ni hivyo hivyo, wote wa ukoo mmoja. (Mchaichai ni mwingine: mafuta yake yamejificha ndani, haunuki sawasawa mpaka uukunje au uukate.) Jani lililo juani hupata moto kuliko hewa inayolizunguka, na mafuta yanaruka pamoja na maji. Mwanga nao unafuta ukijani. Jioni unabaki na kitu kinachofanana na nyasi za mwaka jana.

Anika kivulini, safu moja juu ya wavu, au funga matita madogo ya vijiti vitano sita uyatundike kichwa chini. Joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Kwa kawaida ni kazi ya siku 4 hadi 10. Wanaosema kukausha ni joto wamepata nusu tu. Nusu kubwa ni hewa inayotembea. Hewa iliyosimama ikishashiba maji karibu na jani, haichukui tena. Feni inasaidia, ila ielekeze ukutani. Ikiyapuliza majani moja kwa moja, kingo zinakuwa karatasi huku vijiti bado vibichi.

Nitajuaje kwamba yamekauka kweli? Yangu yalikuwa yanavunjikavunjika mkononi, nikayafungia, wiki mbili baadaye yana ukungu.

Hili ndilo swali lenyewe. Jani jembamba hukauka kwanza, shina na mshipa wa katikati hubaki nyuma. Ukilishika jani linalia chakacha, unafurahi, unafunga kifuniko. Humo ndani ya chupa maji yaliyobaki kwenye vijiti hayana pa kwenda ila kurudi kwenye majani, na baada ya siku mbili majani yaliyokuwa yanavunjika yamelegea tena. Mimi mwenyewe nilitupa chupa nzima ya rehani kwa kosa hilo, na nilikuwa nimeshajiona fundi.

Kwa hiyo usiulize jani, uliza kijiti. Kikipinda, bado. Kikivunjika kwa mlio, unakaribia.

Mwenye mizani ana njia ya uhakika zaidi. Pima majani kabla ya kuanika. Majani mengi mabichi ni maji kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo katika gramu 1,000 kitu chenyewe ni gramu 200. Unataka yabaki na maji asilimia 10, yaani gramu 200 ziwe asilimia 90 ya uzito wa mwisho: gramu 222. Mzigo ukisoma 300, hata kama unalia chakacha, una maji ya kutosha kulisha ukungu. Hesabu hii si ya dhahabu, maana jani na jani hutofautiana, lakini inakutoa kwenye kubahatisha.

Kisha chupa. Jaza theluthi mbili tu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funga, iache hadi kesho. Ukiona umande kwenye kioo, mwaga yote uanike upya. Usipoona, tikisa chupa kila siku kwa wiki moja, fungua kwa dakika chache, nusa. Harufu ya nyasi zilizovunda au ya mkojo ni onyo: rudisha kwenye wavu siku hiyo hiyo. Huu muda wa chupa ndio watu wanauruka, nami nauona ni nusu ya kazi, kwa kuwa ndipo maji yaliyobaki yanagawana sawa kati ya jani na kijiti.

Ukiwa na kipimaunyevu kidogo, kitumbukize humo. Hewa ya ndani ikisoma asilimia 60 au chini, ukungu hauna maisha. Ikipita 65, toa. Lakini vipimo vya bei rahisi husema uongo, kwa hiyo kijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, iloweshe iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, usubiri usiku mzima. Hewa juu ya chumvi hiyo hukaa kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, unajua kinapunguza 5.

Ukungu uko upande mmoja tu. Nitoe hapo, nyingine nitumie?

Hapana. Tupa yote.

Unachokiona ni maua ya kuvu. Nyuzi zake zimeshatembea usipoziona, na sumu nyingine za kuvu, kama aflatoksini, hazifi kwa maji ya moto ya chai. Na wakati mwingine kuvu haileti sumu yake, inaitengeneza kutokana na mmea wenyewe. Miaka ya 1920 huko Kanada na Marekani ng'ombe walikufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa meliloti, malisho ya jamii ya kunde, yaliyokaushwa vibaya yakaota ukungu. Yakiwa mazuri hayana neno. Kuvu iligeuza kumarini, ile inayoyapa harufu tamu, ikawa kitu kinachozuia damu kuganda. Karl Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitambua mwaka 1940 wakakiita dikumaroli, na kutokana nacho ikapatikana warfarini, iliyoanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuwa dawa ya binadamu. Yote hayo yalianzia kwenye majani yaliyofungwa kabla hayajakauka.

Msimu wa mvua nguo zenyewe hazikauki. Majani je?

Acha kupigana na hewa ya nje, ipashe kidogo. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha hadi nyuzi 35 hushuka mpaka karibu asilimia 38, bila kuondoa tone la maji. Ndivyo linavyofanya kazi sanduku la kukaushia lenye feni, na hata oveni iliyowekwa kwenye alama ya chini kabisa, mlango wazi kidogo, ingawa oveni nyingi hata hapo chini zina moto kuliko majani yanavyotaka. Weka kipimajoto ndani, usiziamini alama. Usiku funga madirisha, maana hewa ikipoa unyevu wake hupanda na majani huyanywa tena maji. Na kata majani asubuhi umande ukishakauka, usiyarundike kwenye mfuko wakati unahangaika na mengine. Rundo hujipasha lenyewe na kuvunda ndani ya saa chache.

Maikrowevu?

Kwa kiganja kimoja cha majani, sekunde chache chache, inakubali. Kwa mzigo, hapana. Inapika kabla ya kukausha.

Nisage kabisa yawe unga ili yachukue nafasi ndogo?

Usisage. Unga umefunua kila upande kwa hewa, harufu inakimbia. Hifadhi jani zima, livunje siku ya kutumia. Mizizi ndiyo ya kukata vipande kabla ya kukausha. Tangawizi nzima iliyokauka inataka nyundo.

Nimekuta vidudu vidogo vya kahawia kwenye chupa niliyofunga vizuri. Vimeingiaje?

Viliingia mayai, kabla hujafunga. Wako wanaopenda tumbaku, viungo na majani ya dawa, na wanatoboa karatasi na plastiki nyembamba bila shida. Chupa iliyoshambuliwa mwaga. Zijazo, majani yakishakauka sawasawa, zifunge na uziweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukizitoa usifungue mpaka chupa ifikie joto la chumba, la sivyo hewa italowesha majani yaliyo baridi na umerudi pale pale.

Yanakaa muda gani?

Majani, mwaka mmoja hivi. Mizizi na magome, miaka miwili au mitatu. Yakipita hapo kwa kawaida hayageuki sumu, yanachoka tu: sugua kidogo, nusa, na kama hayasemi kitu, chai nayo haitasema. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyofupisha umri, kwa hiyo ile rafu nzuri juu ya jiko, chupa zikipigwa na jua la dirishani, ni mahali pabaya kuliko pote. Kabatini, gizani.

Na andika jina na tarehe siku hiyo hiyo unapofunga. Kila mtu anadhani atakumbuka. Majani yakikauka hufanana mno. Yapo matukio yaliyoandikwa kitabibu ya watu waliokunywa chai ya majani ya dijitali (mmea wa sumu, Digitalis), yanayovuruga mapigo ya moyo, wakidhani ni komfrei, mmea mwingine wa dawa. Chupa isiyo na jina, mimi siinywi.