Keekee ya barafu: usivute kamba kabla hujajua kilichomo kwenye tanki

Mkuu, usitume hiyo hela. Nimesoma swali lako lote: keekee ya mtumba ya kutobolea barafu ya ziwa upate tundu la kuvulia samaki hapa Minnesota, kwa dola 150, uchukue ya tundu la upana wa inchi 6, 8 au 10, za betri zikoje, visu vinanolewaje, viatu gani vya kuvaa, na barafu iwe nene kiasi gani ndipo ukanyage ziwa. Maswali mazuri. Ila nilipofika pale ulipoandika "muuzaji kasema ni ya gesi, unaweka mafuta ya kituoni unavuta kamba basi", nikaweka kikombe cha chai chini. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, na yalinigharimu mashine, Jumamosi nzima, na heshima yangu mbele ya watu watatu.

Tuanze na hilo neno "gesi". Mmarekani petroli anaiita gesi. Sisi tukisikia gesi tunaona mtungi wa jikoni, na kibaya zaidi keekee za mtungi zipo kweli, zinatumia propani. Kwa hiyo muulize huyo bwana: gesi ipi? Akisema petroli, bado hujajua kitu, maana za petroli ziko mbili. Kuna stroki nne, ambayo ina oili yake chini kama bodaboda, ina kizibo chake cha kuongezea, na petroli unaweka tupu. Na kuna stroki mbili, ambayo haina oili popote isipokuwa ile unayoichanganya kwenye petroli kwa mkono wako. Pistoni, beringi, vyote vinalainishwa na mchanganyiko huo tu. Ukiweka petroli tupu, inawaka vizuri kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Ingekataa kuwaka, nisingekuwa naandika haya.

Yangu niliinunua dola 180 kwa ndugu yetu kabisa, wa lugha yetu, ambaye tumekula pilau lake kwenye ubatizo wa mwanawe. Nikamuuliza, "Kaka, oili je?" Akacheka. "Oili ya nini, kwani hii trekta?" Na mimi nikacheka. Ningemuuliza Mzungu nisiyemjua ningedai aniwashie, anionyeshe, aniandikie. Kwa mtu wa kwetu nikaona ni kumvunjia heshima.

Ilikuwa Januari, tuko Mille Lacs, lile ziwa kubwa kaskazini ya Minneapolis, kama saa mbili kwa gari. Baridi nyuzi 22 chini ya sifuri, ndevu zimeshikana na skafu. Barafu nusu mita. Tundu la kwanza likatoboka kama papai. La pili, papai. Nikaanza kujisifu, nikawaambia wenzangu wakae pembeni wamwachie mtoto wa ziwa afanye kazi. Tundu la tatu sauti ikabadilika. Haikuzima, ilipanda, ikawa nyembamba kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Kukaja harufu ya chuma cha moto. Mtu mwenye akili angeachia. Mimi nikadhani barafu ya hapo ni ngumu zaidi, nikabana resi.

Ikakata ghafla. Kamba ukivuta haiji hata kidogo. Mwenzangu mmoja akashauri tuimwagie chai ya moto, huenda imeganda. Tukaimwagia. Msinicheke, mimi nimekulia Ukerewe, barafu nilizozijua ni zile za ubuyu za kwenye kifuko cha nailoni.

Jirani yetu pale ziwani, mzee mmoja mwenye kibanda chake, akaja taratibu. Akafungua kifuniko cha tanki, akanusa, akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Oili ya stroki mbili kwa kawaida hutiwa rangi, mara nyingi buluu au kijani, makusudi ujue imo. Yetu ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima. Hakusema neno. Alinigusa bega mara mbili kama mtu anayetoa pole ya msiba, kisha akatuazima keekee yake ya kuzungusha kwa mkono. Siku nzima nikizungusha, wenzangu wananiita "mtoto wa ziwa".

Kwa fundi, ekzosi ilifunguliwa kwa bolti mbili tu na pale tunduni pistoni ikaonekana: michirizi ya wima juu hadi chini, utadhani paka kaikwangua. Silinda, pistoni na kazi yake akanitajia dola 260. Mashine ya 180. Nikampigia ndugu yetu. Akasema labda niliivuta kamba kwa hasira. Kwa hasira! Tangu siku hiyo pilau lake nalisikia harufu tu kwa mbali.

Na kinachoniuma zaidi si hela. Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi wa injini, Yamaha ya nyuma, wakienda kuvua sangara. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba dumu. Yeye anamimina oili, mimi natikisa, na nikiacha kutikisa mapema napigwa kofi la kisogo. Injini ile ile stroki mbili! Miaka yote ya makofi, nimevuka bahari na elimu hiyo kichwani, halafu mtu ananiambia "kwani hii trekta" nami naitikia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya stroki mbili ni moja tu, na mwenzio nimeilipia: usivute kamba kama mafuta yaliyomo kwenye tanki hukuyachanganya wewe mwenyewe. Hata akikuuzia na tanki limejaa, hata akiapa. Mwaga kwenye dumu lingine, weka yako. Kipimo kimeandikwa kwenye kifuniko cha tanki au kwenye kitabu chake. Ikiwa ni 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Ikiwa ni 40 kwa 1, ni mililita 25. Kwa galoni ya Kimarekani ni aunsi 2.6 kwa ile ya kwanza na 3.2 kwa ya pili. Anza na nusu ya petroli, mimina oili yote, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Oili iwe ya stroki mbili hasa; ya gari haifai, usidanganyike kwa sababu inalo jina la oili. Na dumu liandike kwa kalamu nene. Langu limeandikwa KEEKEE pande zote mbili, kwa sababu mashine yetu ya kusukumia theluji ni stroki nne na mke wangu nusura aijaze mchanganyiko ule. Alisema dumu ni dumu. Nikanyamaza, nani mimi wa kumsema.

Petroli yenyewe tafuta isiyo na ethanoli, ile spiriti inayochanganywa kwenye mafuta. Ile ya kawaida ya vituo vingi vya hapa Minnesota ina ethanoli asilimia 10, nayo inavuta maji na ikikaa inaacha ulimbo kwenye kabureta. Vipo vituo vyenye pampu ya isiyo nayo, kwa kawaida ni ya oktani 91, ina kibandiko kinachosema ni ya injini ndogo, boti na magari ya kale. Ni ghali kidogo, lakini kabureta ni ghali zaidi. Usichanganye dumu zima ukidhani unajiwekea akiba. Changanya ya wikiendi mbili tatu. Msimu ukiisha mwaga tanki, iwashe iungurume hadi izime yenyewe kwa njaa, ndipo uitundike. Nyingi zinazouzwa "zinagoma kuwaka kidogo tu" mwezi Novemba ni za watu waliozilaza na mafuta tangu Machi.

Visu usinoe kwa tupa nyumbani. Pembe yake ikiharibika inasugua barafu tu bila kukata. Nunua jozi mpya, badili vyote viwili kwa pamoja, na uvivishe kofia yake ukimaliza. Mchanga wa ufukweni ukivigusa mara moja tu basi tena.

Inchi, chukua 8. Ile 10 ni ya watu wenye mgongo wa serikali. Usiiwashe ndani ya hema, hewa yake ya sumu inakulaza bila hodi. Barafu, inchi 4 ya ile ngavu na mpya ndipo utembee kwa miguu, gari ni habari nyingine kabisa, na unatoboa unapima huku unakwenda, si unapima ufukweni halafu unajiamini hadi katikati.

Nilikuwa nataka kusema kitu kuhusu betri lakini nimerudi kumfikiria yule jamaa na trekta yake, damu imepanda.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji akutumie picha mbili: ya kifuniko cha tanki, kwa karibu, maandishi yasomeke, na ya chini ya injini pande zote, tuone kama kuna kizibo cha oili. Halafu ukienda kuiona, beba tochi na spana, muombe afungue ekzosi uchungulie pistoni. Akikataa, au akianza kucheka, panda gari lako uondoke. Picha zitume hapa hapa, leo niko macho hadi saa sita usiku.