Linki inakata maji yakijaa, fundi anauza busta

SWALI: Tuna linki ya redio ya 5.8 GHz toka bara mpaka kisiwani, kilomita 12, dishi zote mbili mita 20 juu ya alama ya maji kujaa. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kukupwa sana) inakata mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Fundi alipima saa nne asubuhi akasema signo safi, sasa anataka tununue busta. Tununue?

JIBU: Msinunue. Dakika 50 hizo ni za mwezi wa angani, ndo maji ya bahari yanavyochelewa kila siku, mmeshajijibu wenyewe.

Dishi yenu inapokea signo mbili, moja inakuja moja kwa moja, nyingine imegonga maji ikageuka juu chini, kilele kikawa bonde. Wimbi la bahari la nusu mita lisikudanganye, kwa pembe ndogo hivyo redio inaiona bahari kama kioo. Nimepiga hesabu na kupinda kwa dunia: maji yakijaa njia hizo zinatofautiana kama sentimita 5.3, na wimbi lenu la redio lina urefu wa 5.2, yaani tofauti ni kama wimbi moja zima, na kwa kuwa moja imeshageuzwa, basi zinauana. Maji yakishuka mita 3 tofauti inafika 7.3, karibu wimbi moja na nusu, na signo inapanda kuliko hata kusingekuwa na bahari. Busta ya kuongeza nguvu mara mbili inakupa dB 3 (dB ni kipimo cha nguvu ya signo), shimo hilo la signo kuuana linaweza kumeza kama 20, na busta inakuza signo zote mbili sawasawa, sasa umesaidia nini? Pandisheni dishi MOJA mita 4, shimo halitaangukia tena kati ya kujaa na kupwa kwa maji yenu.

Kinachonichosha ni hiyo "nilipima". Pwani yetu siku za bamvua saa nne asubuhi maji ndo yamekupwa, na ndo saa fundi anapanda mnara, kwa hiyo kila linki anayopima ni safi jamani! Halafu anatoa simu, anaonyesha ile app inayohesabu kama vile kati ya minara hakuna kitu, hewa tupu. Kupima bahari ni kuacha redio irekodi signo kila dakika kwa siku 15, bamvua na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo) yote yapite, kisha unalinganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa. Wenye boti nao wanauziwa antena za redio za VHF za "kilomita 80", wakati antena ya mita 3 botini na ya mita 30 nchi kavu zinaonana kama kilomita 30 tu, na anayeuza hajawahi hata kuuliza boti ina mlingoti wa urefu gani.