Koili inayochemka: anza na waya

Ndugu, umesema koili yako ya kuchaji bila waya, uliyoisuka kwa waya mmoja wa milimita 1.5, inachemka ukiiendesha kwa kHz 150, yaani mizunguko 150,000 ya umeme kwa sekunde. Kwa masafa hayo mkondo haupiti waya mzima. Unakimbilia pembeni, kina cha milimita 0.17 hivi, shaba ya katikati inakaa bure! Mita ya ohmu haitakuonyesha hilo, maana inapima kwa umeme wa betri, usiogeuka mwelekeo.

Tafuta waya wa litzi: nyuzi za milimita 0.1 zilizosokotwa pamoja, kila moja na vanishi yake ya kuitenga na nyingine. Ukiunga ncha, hakikisha vanishi imetoka kwenye kila uzi. Nyuma ya koili weka bamba la feraiti (kauri inayopitisha nguvu ya sumaku), hasa kama kuna bati karibu. Kapasita za kuunga na koili, chukua za polipropilini (aina ya plastiki).