Wabaki, lakini wapewe hati

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: kijiji kilichojengwa na kiwanda, kiwanda kikifungwa, watu wake wahame au wabaki? Najibu nikiwa Tabata, kwenye banda langu la jipsamu, mikono bado ina unga. Wabaki. Ila nina sharti, na sharti lenyewe ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Nimezaliwa kambini, wilaya ya Korogwe, kwenye shamba la mkonge ambalo jina lake naliacha. Mtu wa Dar akisikia "shamba" anawaza jembe na mahindi. Kwetu shamba lilikuwa kiwanda. Kulikuwa na king'ora cha alfajiri, karakana ya mafundi vyuma, reli nyembamba za toroli, zahanati, duka la posho, na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu kama madawati. Wakataji waliingia kazini giza halijatoka, wakayafunga majani matita matita, toroli zikayapeleka korona. (Korona ni mashine ya kusindika mkonge, kwetu tuliijua miaka mingi kabla ya ule ugonjwa.) Jani linaingia, linapondwa na kukwanguliwa huku maji yanamwagika, singa, yaani nyuzi zenyewe, zinatoka upande mmoja na maganda upande mwingine. Kwenye jani la mkonge, singa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki chote kilitiririshwa kwenda zake, na harufu yake aliyekulia kambini haisahau. Baadaye singa zilianikwa kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikashindiliwa marobota ya kilo 250, safari ya bandari ya Tanga ikaanza.

Mkonge wenyewe ni mgeni nchini. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Watu wa kuukata nao walitoka mbali. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyosomba vijana kutoka Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko. Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Babu yangu, Muha, aliletwa hivyo hivyo, akapewa kipande, kadi ya kazi ya siku 30, akawa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Alikusudia kufanya kazi kidogo, anunue baiskeli, arudi. Baiskeli aliipata. Baba yangu alizaliwa kambini, akawa fundi wa korona, na mimi nikazaliwa nyumba ya tatu kutoka bombani.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi duniani iliyotufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 30,000. Wazee wetu wakikaa kwenye kahawa hubishana kama mkonge uliuawa na utaifishaji wa 1967 au na plastiki. Mimi niko upande wa plastiki, maana bei ilianza kuporomoka hata kabla ya Azimio la Arusha, ingawa uendeshaji wa baadaye nao haukusaidia kitu. Ukitaka ushahidi nenda Kariakoo: mchele uko kwenye sandarusi, na kamba ya kufungia mzigo ni ya nailoni.

Kwetu korona ilisimama nikiwa shule ya msingi. Haikusimama siku moja. Ilianza kufanya kazi siku tatu kwa wiki, kisha ikawa inangoja vipuri, kisha mishahara ikaanza kungojewa pamoja na vipuri. Mwisho reli za toroli zikaanza kung'olewa usiku na kuuzwa chuma chakavu, na kila mtu alimjua mng'oaji na hakuna aliyemsema. Ndipo akaja karani mmoja akawaambia watu kwamba kwa kuwa kazi hakuna, kila mmoja ajiandae kurudi kwao. Mzee mmoja, rafiki wa baba, akamuuliza, "Kwetu wapi, mwanangu? Kasulu nilitoka sina ndevu. Hata nikienda, nani atanipokea?" Karani hakuwa na jibu, na sidhani kama kosa lilikuwa lake.

Watu wa nje hawaoni shida iko wapi. Kijiji cha kawaida kikipoteza kiwanda, kina ardhi yake. Kambi haina. Hati ya shamba zima ina jina la kampuni: ardhi iliyo chini ya kitanda chako, chini ya jiko, chini ya mti wa mwembe alioupanda mama yako. Kwetu tuliruhusiwa kulima mahindi na mihogo kwenye vitalu vilivyoachwa, lakini mazao ya kudumu yalikatazwa, kwa sababu mchungwa ni dai la ardhi na mahindi si dai. Jirani yetu ng'ambo ya mpaka, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya mshahara maisha yake, alikuwa na michungwa na akasomesha watoto kwayo. Baba, miaka yote ile kwenye korona, alistaafu na godoro, redio, na barua. Nyumba ya matofali ya saruji hakujenga, si kwa kukosa akili. Nani atajenga kwenye kiwanja cha mtu?

Najua wasomaji wengi watajibu kwamba dawa ni kufufua kiwanda. Sipingi. Mimi mwenyewe naishi kwa mkonge: hiyo mikanda na maua ya dari mnayowekewa sebuleni ndani yake kuna katani, yaani hizo singa za mkonge, bila hiyo jipsamu inapasuka. Kwenye shamba la mkonge la Hale walishaonyesha kwamba hata yale maganda tuliyokuwa tunayamwaga yanatoa gesi ya kuzalishia umeme. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 upo mpango wa wakulima wadogo kupewa vitalu ndani ya mashamba, wapalilie na kukata wenyewe, kampuni isindike. Kwa karatasi ni mpango mzuri kuliko wa manamba. Lakini mkonge unachukua kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza. Umwambie mama mwenye watoto wanne apande kitu cha kungoja miaka mitatu, kwenye ardhi anayoweza kuondolewa mwakani? Atapanda mahindi. Na mimi ningepanda mahindi.

Serikali imeshafuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga na kuigawa ardhi kwa wananchi, na hilo nalipongeza. Shida ni nani anahesabiwa mwananchi. Kwetu orodha ilipoandikwa ilianzia vijiji vinavyolizunguka shamba, vyenye serikali ya kijiji na mhuri. Watu wa kambi wakaambiwa wao ni wa shamba, wangoje. Mwenye shamba alipoulizwa, naye akasema hao si wafanyakazi wake tena.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: kabla ya kuleta mwekezaji, na kabla ya kugawa hata ekari moja, kambi ipimwe kwanza. Kila nyumba inayokaliwa ipate kiwanja chenye hati, na kila kaya ipate eneo la kulima linaloruhusiwa mazao ya kudumu. Jina la mke liandikwe pamoja na la mume, kwa sababu wanawake walipiga brashi na kuanika singa miaka mingi na kwenye vitabu vya malipo wengi hawamo. Makaburi nayo yapewe mpaka wake kwenye ramani, maana yako katikati ya vitalu, mengi hayakujengewa, na trekta la kung'oa visiki vya mkonge halitauliza. Babu yangu yuko pale, na Wabena, na Wamakonde.

Hayo yakiisha, mwekezaji aje hata kesho. Vijana wa kambi ukataji wanaujua, maji yapo, reli ya Tanga iko karibu. Na sisi mafundi jipsamu wa Dar wateja tupo. Katani ya kuungaunga tunayoipata sasa, mara imeoza, mara fupi, imetuchosha.

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam