Jua likizama, mvuke wa Olkaria hauzimi

Ndugu, umesema jua likizama hatuna budi kurudi kwenye umeme wa dizeli. Kwa Kenya hilo si kweli. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, wanachimba visima vya kina cha kilomita mbili hadi tatu. Mvuke unapanda kwa nguvu zake wenyewe na kuzungusha mitambo usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, wa megawati 15 tu. Leo jotoardhi, yaani umeme wa mvuke huu wa ardhini, ndiyo inayoongoza katika umeme wa Kenya, na ukijumlisha maji, upepo na jua unafika karibu asilimia 90.

Kinachotukwamisha mara nyingi ni nyaya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365, megawati 310. Ilikamilika 2017, lakini ikakaa bila kuuza umeme hadi 2018 kwa sababu njia ya kuufikisha kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Upepo wenyewe ulikuwa unavuma muda wote huo! Inauma.

Mafuta bado yametushika barabarani. Matatu, malori na bodaboda karibu zote zinakunywa petroli na dizeli za kuagizwa, zinazoshushwa Mombasa, na bei ikipanda huko nje nauli inapanda hapa. Kwa hiyo mimi ningeanza na bodaboda na mabasi ya umeme, maana zinaweza kuchajiwa usiku, watu wakiwa wamelala na mvuke wa Olkaria ukikosa wateja.