Mume wangu hataki binti yetu arudie SAT

Shangazi, shikamoo. Binti yetu yuko kidato cha sita hapa Dar es Salaam na anaomba vyuo vikubwa Marekani. Kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, mara ya kwanza tulipata 1340, ya pili 1390. Wenzake wanataja 1500. Nataka arudie mara ya tatu, baba yake kasema inatosha. Ni mtu wa zamani, haelewi mambo haya. Yeye kazi yake kumpeleka kituo cha mtihani alfajiri na kumsubiri tu. Nimechukua pesa ya kikoba nikamlipia kimyakimya. Mtoto naye siku hizi hali vizuri. Nimwambieje baba yake? Na hizo alama tuzipeleke au tuzifiche?
Mama M., Tabata

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa wasiwasi, kumpeleka mtoto mbali si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Umeandika “tulipata”. Mlikaa wangapi kwenye kile kiti? Na habari ya mtoto kutokula umeiweka mwisho kabisa, baada ya mume, baada ya pesa. Mimi ningeanza nayo.

Huyo mtu wa zamani anaamka alfajiri, anampeleka mtoto, anakaa nje zaidi ya saa mbili mpaka atoke. Wewe uliona alama, yeye aliuona uso wake anapotoka. Mgala muue na haki umpe: mumeo yuko sahihi.

Sasa hizo alama. SAT jumla yake ni alama 1600, nusu hisabati, nusu kusoma na kuandika. Korona ilipoingia mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kuilazimisha, kisha baadhi vikairudisha: MIT mwaka 2022, halafu Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikatangaza mwaka 2024. Kwa hiyo pitieni orodha ya binti chuo kwa chuo. Penye kulazimishwa hakuna cha kuficha. Chuo Kikuu cha California hakiziangalii kabisa. Penye hiari, usikimbilie kuficha. Wasomi wa Dartmouth walipochunguza waombaji wao walikuta watoto wa familia za kipato kidogo wameficha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu wasomaji wa maombi huzipima kwa kuangalia mtoto katoka shule gani. Sikudanganyi kwamba 1390 ni nyingi Harvard. Waliopokelewa kule wengi wamevuka 1500. Ila na wenye 1550 wanakataliwa kule, wengi tu.

Na siri yako utaificha mpaka lini? Fomu za msaada wa ada zinauliza kipato cha baba na cha mama, na zinataka karatasi. Vyuo vingi humpima mwanafunzi wa nje kwa uwezo wa kulipa kabla ya kumpokea. Visivyofanya hivyo ni vichache, Yale, Princeton na Amherst wamo. Hati ya mshahara wa mumeo utaipataje bila yeye? Huyo unayesema haelewi ameshika kitu kizito kuliko hizo alama unazozikimbiza.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Mke ana kikoba chake, mume ana deni lake, kila simu ina neno la siri. Mama zetu nao walifunga hela kwenye ncha ya kanga, lakini ilikuwa ya usiku mtoto akipandisha homa, haikuwa ya kumzunguka baba katika jambo la mtoto wake mwenyewe. Binti yako akijua umemlipia kwa siri, na watoto wanajua, ataingia mtihani amebeba ugomvi wa wazazi kichwani. Hisabati itakaa wapi?

Kurudia au kutorudia, muulize yeye, halafu unyamaze ajibu. Akitaka kwa moyo wake, arudie mara hiyo moja, baba akijua. Akisema amechoka, basi. Muda huo aandike insha zake na amwahi mwalimu anayemjua vizuri amwandikie barua ya mapendekezo, maana maombi mengi yanafungwa siku za mwanzo za Januari.

Usiku wa leo mtengee mumeo chakula, kaa naye, umwambie habari ya pesa kabla hujautaja mtihani. Na ya kikoba irudishe kabla wenzako hawajakutana tena.